Kijana wa kidato cha pili anacheza mwaka mzima, anapumzika lini?

Mwandishi, kwa swali hili la vijana kukosa mapumziko umegusa penyewe. Tangu Geita Gold ipande Ligi Kuu mwaka 2021, na mshambuliaji wake George Mpole kuibuka mfungaji bora msimu uleule, huku kwetu Geita kila mzazi anamwona mwanawe uwanja wa Nyankumbu. Kijana anatoka kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, anaunganisha mazoezi ya akademi, na wikiendi anaitwa ndondo kugombea mbuzi. Kijana wa jirani yangu alikuwa anafunga goti kwa kipande cha kanga ili kocha asimwache benchi. Siku hizi wenzake wakimpitia anajifungia ndani. Watu wanamwita mvivu, jambo linaloniuma sana, maana mtoto yule amechoka mpaka moyoni.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri angalau siku moja ya kupumzika kila wiki, na jumla ya miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka nje ya mchezo wake. Walimu wa michezo na makocha wa Geita na Shinyanga, nawaomba mkae mpange kalenda moja. Aliyetoka UMISSETA asiguswe na timu yoyote kwa wiki mbili. Na sisi wazazi, kabla ya kuuliza amefunga mangapi, tuulize goti linaendeleaje.