Sayansi Haijachoka, Imechagua

Wiki ya pili tangu nianze dawa, shangazi alinipigia simu kutoka Korogwe. Sikuwa nimemwambia naumwa nini. Mama ndiye aliyevujisha. Baada ya shikamoo na marahaba hakuniuliza kama bado nakohoa, wala kama nakula. Aliuliza: "Mkojo umeshabadilika rangi?"

Nikamwambia ndiyo, umekuwa kama soda ya chungwa. Akacheka. "Basi ni zile zile. Meza, mwanangu. Zinaponya."

Zile zile. Shangazi aliugua kifua kikuu mwaka 1989. Alilazwa miezi miwili, akichomwa sindano kila siku na kumeza vidonge mbele ya muuguzi, kisha akarudi nyumbani kuendelea na vidonge kwa miezi sita mingine. Mimi niliugua mwaka 2023, jijini Dar es Salaam, nikiwa na simu mfukoni yenye nguvu kuliko kompyuta iliyowaongoza watu hadi mwezini mwaka 1969. Miaka 34 ilikuwa imepita kati ya kikohozi chake na changu. Rangi ya mkojo ilikuwa ile ile kwa sababu dawa inayoutia rangi, rifampisini, ilikuwa ile ile.

Nilipoambiwa siwezi tena kuambukiza, nilirudi kwenye kijiwe chetu cha kahawa cha Jumamosi. Nikakuta mjadala umepamba moto: je, maendeleo ya sayansi na teknolojia yamepungua kasi?

Upande mmoja ulikuwa umemsoma mwanauchumi Robert Gordon, anayesema karne iliyoanza 1870 hadi 1970 ndiyo iliyobadilisha maisha ya mwanadamu: umeme, maji ya bomba, gari, ndege, dawa za kuua vijidudu. Baada ya hapo, anasema, mabadiliko makubwa yamejikusanya kwenye burudani, mawasiliano na kompyuta. Walikuwa na mifano. Hakuna aliyekanyaga mwezi tangu Desemba 1972. Ndege ya Concorde ilistaafu mwaka 2003, na tangu hapo abiria anavuka Atlantiki polepole kuliko aliyevuka mwaka 1976. Wakaongeza utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, unaoonyesha kwamba ili uwezo wa chipu uendelee kuongezeka maradufu kama zamani, sasa wanahitajika watafiti zaidi ya mara 18 ya wale wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa kifupi, matunda ya chini yameshachumwa.

Upande wa pili ulicheka. Chanjo ya korona ilipatikana chini ya mwaka mmoja. Programu ya AlphaFold imebashiri maumbo ya protini zaidi ya milioni 200. Akili bandia inaandika insha. Kasi gani tena mnataka?

Nilikunywa kahawa yangu kimya. Sikuwa na hasira nao wakati ule. Hasira ilikuja nikiwa njiani kurudi nyumbani, nilipokumbuka kwamba kesho yake asubuhi ningemeza vidonge vile vile. Pande zote mbili zilikuwa zinazungumzia sayansi kama gari moja lenye mshale mmoja wa mwendo. Mmoja anasema mshale umeshuka, mwingine anasema umepanda. Hakuna aliyeuliza gari linakwenda wapi, nani kapanda, na nani kaachwa kituoni.

Hebu tukifungue kidonge changu. Ndani yake mna dawa nne. Isoniazidi ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912 huko Prague, ikakaa miaka 40 kabla ya mtu kugundua kwamba inaua vijidudu vya kifua kikuu. Pirazinamidi iliingia kwenye matibabu mwaka 1952. Ethambutoli na rifampisini ni za miaka ya 1960. Kwa hiyo dawa changa kuliko zote katika kidonge hicho ina umri wa bibi. Chanjo iliyoniachia kovu mkononi, BCG, ilitolewa kwa mtoto wa kwanza jijini Paris mwaka 1921. Inawakinga watoto wadogo dhidi ya kifua kikuu kikali, lakini mapafu ya mtu mzima haiyalindi vya kutosha. Na kwa zaidi ya karne moja kipimo kikuu katika nchi nyingi maskini kiliendelea kuwa makohozi chini ya hadubini, njia inayotokana na kazi ya Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wake mwaka 1882.

Msomaji anaweza kusema: basi umekubali, sayansi imepungua kasi. La, soma tena tarehe hizo. Kati ya miaka ya 1940 na 1960 dawa zilifuatana kama mabasi ya asubuhi, kwa sababu wakati ule kifua kikuu kilikuwa kinaua London na New York. Baadaye nchi tajiri zikapona, au zikadhani zimepona, na foleni ya dawa ikakatika. Kutoka rifampisini hadi bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2012, ilipita takribani miaka 40 bila dawa ya aina mpya kabisa kutengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Maabara hazikufungwa miaka hiyo. Zilikuwa zinashughulika na magonjwa ya wanaoweza kulipa.

Najua jibu la wataalamu, na si jibu la kijinga. Wanasema kijidudu hiki ni kigumu. Ni kweli. Kina ukuta wa nta, kinaweza kujificha mwilini miaka mingi, na kinajigawa mara moja kwa karibu saa 20, wakati vijidudu vingine hujigawa kila dakika 20. Jaribio lolote juu yake linahitaji subira na fedha.

Lakini ugumu haujawahi kuwa sababu ya kutosha. Virusi vya UKIMWI ni vigumu pia. Hujichanganya na vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na kufikia 1996 mchanganyiko wa dawa ulikuwa unawainua watu kutoka vitandani. Wagonjwa wa New York na San Francisco waliandamana, wakalala barabarani, wakawalazimisha wenye maabara wafanye haraka. Dawa hizo zilichelewa miaka kufika kwetu, na makaburi yetu yanajua hivyo, lakini zilikuwepo. Kasi ilitafutwa, ikapatikana.

Sasa linganisha. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya chanjo mpya ya kifua kikuu iitwayo M72, iliyojaribiwa kwa watu wazima wa Kenya, Zambia na Afrika Kusini. Ilipunguza ugonjwa kwa takribani nusu. Baada ya karibu karne nzima ya BCG peke yake, hiyo ni habari ya kupigiwa vigelegele. Jaribio la mwisho la chanjo hiyo lilianza Machi 2024. Kati ya matokeo na jaribio la mwisho ulipita muda ambao ulimwengu ulitumia kubuni chanjo za korona, kuzijaribu, kuzitengeneza kwa mabilioni na kuanza kuzisahau.

Kampuni iliyoigundua M72, GSK, iliikabidhi mwaka 2020 kwa taasisi inayofadhiliwa na Bill Gates, na jaribio likapatikana baada ya mashirika ya hisani ya Gates na Wellcome kuahidi dola milioni 550. Wakati huohuo kiungo cha kuamsha kinga kilichomo katika M72 kinatumika pia katika chanjo ya kampuni hiyo dhidi ya mkanda wa jeshi, ambayo mwaka 2023 pekee iliuzwa kwa zaidi ya paundi bilioni 3. Sisemi kuwakinga wazee na maumivu ya mkanda wa jeshi ni dhambi. Nasema maarifa yalikuwepo, mikono ilikuwepo. Bidhaa moja ilikimbia, nyingine ikasubiri sadaka.

Mwaka huo nilioumwa mimi, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na milioni 1.25 wakafa. Hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaosababishwa na kijidudu kimoja ulioua wengi kiasi hicho.

Hapa ndipo wengi wetu tungependa insha iishie, tukiwa tumemnyooshea kidole mzungu. Isiishie hapo. Miezi sita niliyotumia dawa haikushuka kutoka mbinguni. Kabla yake mgonjwa alitumia dawa mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba miezi sita inaweza kutosha, na jaribio hilo lilifanyika hapa, kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma wa Tanzania, ukishirikiana na daktari Karel Styblo, ulijenga utaratibu wa usimamizi wa dawa ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza duniani kote katika miaka ya 1990. Shangazi alipomeza vidonge mbele ya muuguzi mwaka 1989, alikuwa kwenye ncha ya sayansi ya ugonjwa wake. Mimi, miaka 34 baadaye, nilikuwa kwenye mkia.

Tulikuwa mahali ambapo jambo jipya lilifanyika, na tukakubali kuwa mahali pa kusubiri. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazijafika. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya kifua kikuu katika nchi nyingi ilitikisika ndani ya wiki chache. Aliyejenga nyumba juu ya kiwanja cha jirani asishangae anapoambiwa ahame.

Na sisi tuliosoma tuna fungu letu. Tunaazima hata huzuni. Kulalamika kwamba magari yanayoruka hayajafika ni malalamiko ya mtu ambaye kila kitu kingine kilishamfikia.

Kasi ikitafutwa, huonekana. Mashine ya GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, ndiyo iliyonipa jibu langu. Kipimo chenyewe huchukua chini ya saa mbili. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefunza panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na hugundua wagonjwa ambao hadubini iliwapita. Kifua kikuu sugu, kilichokuwa kikihitaji hadi miezi 20 na sindano, sasa kinaweza kutibiwa kwa vidonge vya miezi sita. Kila kimoja kati ya hivi kimethibitisha kwamba kijidudu hakikuwa mwamba. Palikosekana mtu wa kukigonga.

Siku niliyomaliza dozi nilimpigia shangazi. Ilibidi nipaze sauti. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu zile sindano. Ni dawa inayojulikana kwa kuharibu masikio, na mimi sikuihitaji. Hilo nalo ni maendeleo, nalishukuru kila ninapomsikia akisema "eeh?" mara tatu. Nilimweleza kwamba kuna chanjo inajaribiwa, huenda wajukuu zake wasiugue kabisa.

"Lini?" akauliza.

Nikasema bado miaka michache, wakikamilisha.

"Eeh?"

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Safari hii nilijua amesikia. Alikuwa ananiuliza tena.