Baada ya Majamvi Kukunjwa: Upweke wa Mjane na Wajibu Wetu



Ndugu msomaji, katibu wa kamati ya msikiti ana madaftari mengi, na moja kati ya hayo ni la rambirambi. Hapa kwetu Mwamapalala, afapo Muislamu, jina la kila aliyechanga huandikwa humo, awe ametoa fedha, mahindi au kuni. Waislamu hatuko wengi huku, hivyo msiba wa mmoja ni wa wote, na majirani wasiokuwa Waislamu nao huja kuchimba kaburi pamoja nasi. Alhamdulillahi, katika kuzika hatujapungukiwa. Leo nataka tuzungumzie pale tunapopungukiwa, yaani siku zinazofuata baada ya majamvi kukunjwa.

Mwaka uliopita alifariki mzee wetu mmoja aliyekuwa akituadhinia alfajiri. Tulimzika, tukachanga, nami nikaandika. Baada ya miezi miwili nilikwenda na mke wangu kumpelekea mjane wake masalia ya michango. Mama yule alizipokea fedha, akashukuru, kisha akatuomba tukae kidogo. Akasema, "Mwanangu katibu, tangu mlipoondoka, ukiacha wajukuu, ninyi ndio watu wazima wa kwanza kuingia ua huu." Alitueleza kuwa kila baada ya Magharibi huwasha redio, si kwa kusikiliza habari, bali apate kusikia sauti ya mtu ndani ya nyumba.

Nilipouliza kwa nini hata jirani zake wa siku zote hawaji, nilipata jibu lililonitia aibu. Walikuwa wameambiwa na sisi wenyewe kuwa mwanamke wa Kiislamu akiwa edani haonekani wala hazungumzi na watu. Tulichukua hukumu ya Allah (s.w.) tukaifanya kifungo.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Surat Al-Baqara aya ya 234, na mwenye mimba eda yake ni hadi ajifungue. Katika muda huo haposwi waziwazi wala haolewi, hajipambi, hajitii manukato, na hulala nyumbani kwake. Hakukatazwa kusalimiwa, kutembelewa na wanawake wenzake na maharimu zake, wala kutoka mchana kwa haja yake.

Upweke huu hata zama za Mtume (s.a.w.) ulikuwepo. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, waliuawa Waislamu wapatao 70, na Madina ikajaa wajane. Imepokewa kutoka kwa Mujahid kuwa wajane hao walimwendea Mtume (s.a.w.) wakimlalamikia kuwa usiku unawaelemea kwa upweke. Akawaruhusu wakusanyike kwa mmoja wao na kuzungumza mpaka wapatwapo na usingizi, kisha kila mmoja arudi kulala kwake. Wanazuoni wa fiqhi, akiwemo Ibn Qudama, wameyataja mapokezi haya katika mlango wa eda. Tazama, wajane wale hawakuambiwa kuwa imani yao ni dhaifu. Walipewa watu wa kuzungumza nao, na mpaka wa sheria ukabaki palepale.

Jambo hili si dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inaeleza kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Na huku kwetu Usukumani kuna hatari nyingine. Bibi kizee anayeishi peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, ni mwepesi wa kusingiziwa uchawi, na wapo waliouawa kwa uzushi huo. Ua usiopitiwa na watu huzuliwa maneno.

Kwa mwenye kufiwa, nasaha yangu ni hii. Usione haya kulia wala kumtaja aliyekutoka. Mtume (s.a.w.) aliendelea kumkumbuka Bi Khadija (r.a.) miaka mingi, na alipochinja mbuzi aliwapelekea nyama marafiki zake. Shika saa za swala na nyiradi zako, kwani siku iliyogawanyika haimmezi mtu. Tafuta mwenye kukuhitaji: mtoto wa jirani umfundishe alifu, au mgonjwa umpelekee uji. Katika Surat Adh-Dhuha, Allah (s.w.) alimliwaza Mtume wake kuwa hakumwacha, kisha akamwamrisha juu ya yatima na muombaji. Na ikiwa usingizi na hamu ya chakula vimekukimbia kwa wiki nyingi, nenda kituo cha afya. Kutafuta tiba hakupingani na tawakkul.

Kwa watoto walioko Mwanza na Dar es Salaam, pigeni simu saa ileile kila siku, ili mama awe na jambo la kungojea. Lakini simu haiketi naye jamvini. Njooni.

Kwa sisi tulio jirani, kusema "tutakuja kukuona" hakutoshi. Baada ya siku ile, wanawake wa jamaa zetu walipanga zamu kwa majina na siku. Wawili huenda baada ya Magharibi wakichambua choroko pamoja naye, na kabla ya kulala kila mmoja hurudi kwake. Jirani zake wasiokuwa Waislamu nao tuliwaeleza ukweli, wakarudi. Mama yule amekwishamaliza eda, na sasa yeye mwenyewe ameomba awekwe katika zamu ya kwenda kwa mwingine.

Mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina alipokosekana, Mtume (s.a.w.) ndiye aliyemuulizia. Aliambiwa amekwishafariki, na hawakumpa habari kwa kuliona jambo lake dogo. Akaomba aoneshwe kaburi lake, akamswalia. Sisi tuwaulizie wenzetu wakingali hai.

Katika daftari la rambirambi nimeongeza safu moja. Mbele ya jina la kila mchangiaji naandika siku aliyorudi kumjulia hali mfiwa. Safu hiyo bado ina nafasi nyingi tupu, na mojawapo iko mbele ya jina langu.

Wabillahi tawfiq.