Joto la mashine ni hesabu ya biashara, lisiachiwe fundi peke yake

NOVEMBA 28, 2025, soko la CME la Chicago, Marekani, ambako huuzwa mikataba ya bei za baadaye za mafuta, dhahabu, nafaka na fahirisi za hisa, lilisimama kwa zaidi ya saa 10. Hapakuwa na mgomo, vita wala anguko la bei. Mitambo ya kupoza ilishindwa katika kituo cha kompyuta cha kampuni ya CyrusOne huko Aurora, nje kidogo ya jiji hilo. Nje kulikuwa na baridi, lakini ndani joto lilizizidi mashine. Wenye mikataba mikononi walibaki bila bei ya kununulia wala ya kuuzia.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Mwanza anaweza kusema hayo ni mambo ya Chicago. Sivyo. Soko lenye wahandisi wengi na mitaji mikubwa kiasi hicho limesimamishwa na joto, sembuse duka la jumla ambalo mtambo wake mkuu wa mtandao umewekwa ndani ya kabati la mbao, juu ya kabati hilo yamerundikwa mafaili, na pembeni pana birika la chai.

Mtambo unaozungumzwa hapa ni faiawoli. Hii ni mashine inayokaa kati ya kompyuta za kampuni na intaneti. Kila kinachoingia na kutoka hupita kwake: oda za wateja, malipo ya kadi, taarifa za benki, hesabu za tawi zinazotumwa makao makuu, na amri za wateja wa dalali wa hisa. Hupitisha kilichoruhusiwa na kuzuia kisichotakiwa. Ikisimama, ofisi nzima inakuwa kama ghala lililojaa shehena huku mlango umefungwa na mwenye ufunguo hajulikani aliko.

Mashine nyingi za aina hii zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi huja na vipimajoto ndani yake. Hupima joto la chipu kuu, pengine joto la hewa inayoingia, na zile zenye feni huonyesha feni inazunguka kwa kasi gani. Kwa maneno mengine, mwenye biashara amekwisha kulipia habari hizo siku aliyonunua mashine. Tatizo ni kwamba hakuna anayezisoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na joto la faiawoli ni mali isiyo na daftari katika makampuni mengi.

NAFASI NI NDOGO

Tuanze na tarakimu. Chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani, ASHRAE, hupendekeza hewa inayoingia kwenye mitambo ya kompyuta iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Sentigredi. Faiawoli nyingi za ofisi ndogo huandikwa na watengenezaji kwamba zinaweza kufanya kazi katika hewa ya nyuzi 0 hadi 40. Mnunuzi akiona 40 hufarijika, akidhani ana nafasi ya kutosha.

Hana. Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, joto la mchana hufika nyuzi 32 hivi, tena kivulini. Kutoka hapo hadi kikomo cha mtengenezaji zimebaki nyuzi 8 tu. Kabati lisilo na matundu, lenye faiawoli, swichi na betri ya UPS pamoja, linaweza kuzila nyuzi hizo zote. Aidha, kikomo hicho ni cha hewa inayoingia kwenye mashine, si cha hewa ya varandani.

Walioko nyanda za juu nao wasijipe moyo kupita kiasi. Hewa ya Mbeya ina ubaridi, lakini ni nyepesi kuliko ya pwani na hubeba joto kidogo zaidi. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huagiza kikomo cha joto kipunguzwe kadiri mashine inavyowekwa juu zaidi ya usawa wa bahari. Maelezo hayo yamo ndani ya kijitabu kinachotupwa pamoja na boksi.

Jambo la pili ni umeme. Katika vipindi vya mgawo, kama ule wa mwaka 2011 na ule wa mwaka 2023, makampuni mengi yalinunua betri za UPS ili mtandao usikatike. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, lakini una mtego ndani yake. Betri huendelea kuilisha faiawoli, ilhali kiyoyozi, ambacho kinakula umeme mwingi, hakimo kwenye betri hiyo. Umeme ukikatika, chumba kimefungwa, kiyoyozi kimezimika, na mashine inaendelea kutoa joto lisilo na pa kwenda. Meneja anaona mtandao upo na kuridhika, wakati kila dakika kipimajoto kinapanda. Mwenye UPS asiyesoma joto amenunua nusu ya kinga.

KUSOMA SI KUTAZAMA

Hata hivyo, tarakimu moja peke yake haisemi kitu, kama vile bei ya hisa ya leo haisemi kitu kwa asiyejua bei ya jana. Chipu yenye nyuzi 65 inaweza kuwa na afya njema, wakati hewa inayoingia ikiwa na nyuzi 42 ni hatari. Kulinganisha mashine ya kampuni hii na ya jirani, ya aina nyingine, ni kupoteza muda. Kinachofaa ni kuilinganisha mashine na historia yake yenyewe.

Njia nyepesi ni kuandika safu mbili, joto la chumba na joto la chipu, kisha kutoa moja katika nyingine. Chukulia chumba kina nyuzi 26 na chipu 58. Tofauti ni 32. Mwezi unaofuata chumba kina 33 na chipu 65. Tofauti bado ni 32, hivyo mashine haina kosa; kilichoharibika ni kiyoyozi au uingizaji hewa. Lakini iwapo chumba kimebaki 26 na chipu imepanda hadi 67, huku kazi inayopita kwenye mashine haikuongezeka, tofauti imekuwa 41. Hapo chumba hakina lawama. Vumbi limeziba matundu, au feni imechoka. Kwa hesabu ya kutoa ya darasa la pili, mwenye biashara anajua kama amwite fundi wa viyoyozi au fundi wa kompyuta, na halipi wote wawili.

Kuhusu kengele za tahadhari, wenye mashine wengi huacha zile zilizowekwa kiwandani. Kengele ya kiwandani imewekwa ili kuiokoa mashine isiungue. Haikuwekwa ili kuokoa mauzo ya siku. Inapolia, mara nyingi mashine iko karibu kupunguza kasi au kujizima yenyewe. Inafaa kengele ya kwanza iwekwe nyuzi 5 hivi juu ya wastani wa kawaida wa mashine husika, na ile ya kiwandani ibaki kuwa ya mwisho. Ya kwanza humwita fundi mapema asubuhi. Ya pili humwita wakati wateja wamekwisha kupanga foleni.

Joto lisilofikia hatua ya kuzima nalo lina gharama. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba maisha ya kapasita za maji, zile zinazokaa kwenye sehemu ya kupokelea umeme, hupungua kwa nusu hivi kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Mashine iliyohesabiwa kwenye vitabu kuwa itadumu miaka 5 inaweza kufa mapema zaidi, na uchakavu wa kwenye vitabu ukawa si uchakavu wa kweli.

HASARA ISIYOANDIKWA

Upo ubishi kwamba haya ni mambo ya makampuni makubwa. Chukulia duka la jumla linalouza Sh. 6,000,000 kwa siku ya saa 10, kwa faida ghafi ya asilimia 10. Mtandao ukisimama saa 4 katikati ya siku, na mauzo yote yanategemea mtandao huo, mauzo ya Sh. 2,400,000 yamekwama na faida ya Sh. 240,000 iko mashakani. Baadhi ya wateja watarudi kesho. Wengine watakuwa wamekwisha mjua muuzaji wa mtaa wa pili. Mwenye duka anajua anamlipa fundi kiasi gani kupuliza vumbi na kubadili feni. Aweke tarakimu hizo mbili pamoja kisha aamue.

Ipo hasara nyingine mbaya zaidi, nayo haionekani siku hiyo. Faiawoli ikizimika kwa joto, na wateja wanapiga kelele, mtu fulani ofisini huchomoa waya wa intaneti na kuuchomeka moja kwa moja kwenye swichi ya ndani. Mauzo yanarudi, anasifiwa kwa ujanja. Lakini kuanzia dakika hiyo kinga iliyonunuliwa kwa fedha nyingi haipo, na kompyuta za hesabu na za mishahara ziko wazi kwa wezi wa mitandaoni. Mara nyingi waya huo hukaa hapo kwa majuma. Hivyo joto la mchana mmoja linaweza kuwa mwanzo wa wizi utakaogunduliwa baada ya miezi.

Wengine husema kompyuta zao ziko kwa makampuni makubwa ya ng'ambo, kwa hiyo joto si lao. Julai 19, 2022, siku ambayo Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, mitambo ya kupoza ya Google na ya Oracle ilishindwa London na huduma zikakatika. Tena, hata kama hesabu zote ziko ng'ambo, mlango wa kuzifikia ni ile faiawoli iliyoko kwenye kabati la mbao.

Gharama ya kusoma ni ndogo. Lugha ya mitandao iitwayo SNMP, ambayo ilikubaliwa kuwa kanuni mwaka 1990, inawezesha kompyuta moja ya kawaida kuiuliza faiawoli joto lake kila baada ya dakika 5 na kuchora mstari. Programu kama Zabbix na LibreNMS hufanya kazi hiyo bila ada ya leseni. Sharti moja lizingatiwe: litumike toleo la 3, ambalo huficha nywila na habari, na maswali hayo yaruhusiwe kutoka ndani tu, kwani kipimajoto kilichoachwa wazi kwa intaneti ni dirisha la mwizi. Asiye na kompyuta ya ziada atumie daftari, saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Mstari utaonekana baada ya mwezi mmoja.

SWALI LA WENYE HISA

Kwa mwekezaji mdogo, jambo hili lina uzito wa pekee. Mwenye hisa 500 anayetaka kuziuza Januari alipe ada ya shule hana njia nyingine mtandao wa dalali wake unapozimika. Mwekezaji mkubwa hupiga simu kwa mkurugenzi. Mdogo husubiri, na bei haimsubiri.

Singapore ilikwisha kuonyesha njia. Oktoba 14, 2023, mitambo ya kupoza ya kituo cha kompyuta cha Equinix ilipata hitilafu wakati wa matengenezo, na benki za DBS na Citibank zikakwama. Zilijaribu kuhamia vituo vya akiba, lakini mawasiliano ya mtandao nayo yakagoma. Miamala ya malipo na ya mashine za fedha ipatayo milioni 2.5 haikukamilika. Benki Kuu ya nchi hiyo haikusema ni bahati mbaya ya fundi. Mwezi uliofuata iliizuia DBS kwa miezi 6 kuanzisha shughuli mpya zisizo za lazima, mpaka iimarishe mifumo yake.

Wenye hisa wa Soko la Hisa la Dar es Salaam hawana haja ya kungoja amri ya namna hiyo. Katika mkutano mkuu wa mwaka, baada ya habari za gawio, wanaweza kuuliza maswali matatu. Mtandao wa kampuni ulisimama saa ngapi mwaka jana, na kwa sababu gani? Nani anapokea taarifa mashine zinapopata joto, na usiku anaipokea nani? Umeme ukikatika, kinachopoza chumba cha mitambo kinaendeshwa na nini? Bodi yenye majibu itayatoa kwa dakika 2. Bodi isiyo nayo nayo itakuwa imejibu.

Mwenye duka hana mkutano mkuu, lakini ana hesabu za jioni. Kando ya mauzo, matumizi na salio la benki, aongeze safu ya nyuzi za joto, na isainiwe na mtu mwenye jina. Fundi atabaki kuwa wa kutengeneza. Kusoma hesabu za biashara ni kazi ya mwenye mali.