Yanayopimwa Tukiwa Usingizini



Wengi wetu huku pwani tuna jamaa walioelekea Thika na Ruiru: binti anayesoma chuo, kaka wa zamu ya usiku kiwandani, mume anayeendesha gari katika barabara kuu ya Thika na kurejea chumbani usiku mkuu. Tukiwapigia simu huwauliza wamekula nini. Usingizi wao hatuuulizi, labda kwa kudhani kuwa haupimiki.

Hupimika. Mwaka wa 1924 Mjerumani Hans Berger alinasa kwa mara ya kwanza mikondo hafifu ya umeme wa ubongo wa mwanadamu. Baadaye, huko Chicago, mwanafunzi Eugene Aserinsky alimlaza mwanawe wa miaka 8 akambandika nyaya kando ya macho. Kalamu za mashine zikachora kwa kasi ilhali mtoto amelala fofofo. Mwaka wa 1953 yeye na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, wakatangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho huenda mbio chini ya kope. Aamshwaye wakati huo aghalabu husimulia ndoto.

Siku hizi anayepimwa hulala usiku kucha akiwa na visahani vidogo vya chuma kichwani, kando ya macho, kidevuni na kifuani. Mikanda miwili hufuata kupanda na kushuka kwa kifua na tumbo, kijineli cha puani hupima hewa, na kidoleni hukaa kile kibanio chenye taa nyekundu tulichokijua zama za Korona, kinachopima oksijeni ya damu. Maana hupatikana kwa kuvilinganisha vipimo hivi. Tumbo likijitahidi kupanda na puani hewa haipiti, basi koo limeziba. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa. Ikikatika au kupungua sana mara 5 kwa saa, maradhi yameanza. Ikifika mara 30, hali ni kali.

Hapa kina mama watusikilize. Mkoromo kwetu ni jambo la mzaha, na mke hufunzwa kuuvumilia. Lakini yako makoromo ambayo hukatika ghafla, kikafuata kimya, kisha mtu akashtuka akitweta kama aliyeopolewa majini. Mwenyewe hajui lolote. Asubuhi hulalamika kichwa kizito, na mchana husinzia akiwa ameshika usukani, na abiria nyuma yake. Shahidi ni mkewe peke yake. Hesabu sekunde za kile kimya, rekodi sauti kwa simu kwa ajili ya daktari tu, kisha umweleze mumeo kwa upole mkiwa faraghani, mwende hospitali pamoja. Iko mashine inayosukuma hewa kwa kinyago ili koo lisizibe. Kulalia ubavu, kama tulivyolelewa, nako huwafaa wengi kuliko kulala chali.

Ama zile saa za mkononi zinazodai kujua usingizi wa mtu, hazioni ubongo. Husoma mtikisiko wa mkono, na baadhi yake mapigo ya moyo, kisha hukisia. Hata hivyo kipimo cha mkononi kina faida yake. Watafiti waliwavisha Wahadzabe 33, watu wazima wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Nyanya aamkaye saa tisa za usiku akashika tasbihi yake, basi, tusiharakishe kumtafutia vidonge.

Limebaki la baridi. Thika na Ruiru ziko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na mwana aliyezoea joto la Mombasa huona usiku wa Julai kama adhabu. Joto la ndani ya mwili hushuka takriban digrii 1 tulalapo, na hutoka kupitia mikono na nyayo, ambazo mishipa yake hupanuka. Nyayo zikiwa baridi mishipa hubana, na usingizi hukawia. Kwa hiyo mama anayefunga mzigo wa Ruiru wiki hii, pamoja na blanketi, atie na jozi mbili za soksi nzito.