Kompyuta ya Nyumbani Nayo ni Lindo

Askari wa usalama barabarani asimamaye penye makutano ya Sonatubes, mahali palipopata jina kutokana na kiwanda cha mabomba, haliachi lori lipite kwa sababu tu dereva ametabasamu. Hutaka leseni, hutazama matairi, huuliza shehena ni nini na yaenda wapi: Remera, Kicukiro, au mjini kupitia Rwandex. Ndiyo kazi yake, nasi twamsifu kwayo. Lakini askari huyo huyo, avuapo sare jioni na kuketi mbele ya kompyuta ya nyumbani, huweza kupokea shehena isiyo na leseni wala mwenyewe: filamu ya bure, mchezo wa watoto, au ile programu ya kuifungua Windows bila kulipa. Hubonyeza mara moja, na lango li wazi.

Yafaa tuseme kwamba adui wa namna hii mara nyingi haingii kwa ujanja mkubwa. Huingia kwa kukaribishwa. Programu za kuvunja kufuli ya Windows au Office humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya kompyuta, naye huizima kwa mkono wake. Kilichojificha ndani huanza kukusanya maneno ya siri ya barua pepe na ya benki yaliyohifadhiwa humo. Au huyafunga mafaili yote, kisha hudai fedha.

Likishatokea, jambo la kwanza ni kuitenga kompyuta. Chomoa waya wa intaneti, zima Wi-Fi, wala usichomeke flashi yoyote. Maneno ya siri yabadilishwe upesi, lakini kwa chombo kingine kilicho safi, na la barua pepe litangulie, maana kwa barua pepe ndiko milango mingine hufunguliwa. Ndipo usafishaji uanze. Windows 10 na 11 huja na kinga iitwayo Defender, nayo ina ukaguzi wa nje ya mtandao, ambao huiwasha kompyuta upya na kuipekua kabla Windows yenyewe haijaamka, wakati adui hajapata pa kujificha. Futa programu zilizoingia siku ile ile. Rudia ukaguzi.

Wako watakaosema hapo yatosha. Sisi hatukubali. Ikiwa kompyuta hiyo imewahi kushika hati yoyote ya kazi, hata orodha ya zamu tu, dawa ya hakika ni kufuta diski yote na kuweka Windows upya, iliyochukuliwa kwa Microsoft wenyewe. Picha na maandishi yaokolewe na kukaguliwa. Programu za zamani ziachwe zipotee. Tena iwe Windows 11 ikiwa mashine yaweza kuibeba, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wala flashi ya fundi wa kibandani isitumike. Fundi huyo aweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini nani ajuaye flashi yake imelala katika kompyuta ngapi wiki hii? Na kabla ya kufuta chochote, taarifa itolewe, maana kufuta huondoa ushahidi pia.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Linalotutia wasiwasi kuliko virusi ni aibu. Askari huogopa Afande atasema nini, hunyamaza, na Jumatatu hubeba flashi ile ile hadi ofisini. Mwaka 2008 flashi moja iliyochomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani huko Mashariki ya Kati ilieneza programu ya upelelezi katika mitandao ya jeshi hilo, hata ile ya siri. Kuisafisha kulichukua karibu miezi 14, na Novemba mwaka huo flashi zilipigwa marufuku jeshini. Nchi yenye fedha zote hizo!

Polisi nao wasijidhani salama. Desemba 2016 kituo cha Cockrell Hill, mji mdogo wa Texas, kilifungiwa mafaili yake na wadai fedha. Polisi walikataa kulipa, wakafuta mashine, kisha wakagundua kuwa nakala ya akiba ilichukuliwa baada ya maambukizi, kwa hiyo nayo haikuwa na faida. Video na hati za ushahidi, nyingine za tangu mwaka 2009, zilipotea. Nakala ya akiba ikae mbali na mashine, imechomolewa. Na anayedaiwa fedha asilipe kimya kimya: aende RIB, kwa kuwa Rwanda ina Sheria nambari 60/2018 juu ya makosa ya kimtandao, tena atazame No More Ransom, huduma iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili, inayotoa bure funguo za baadhi ya kufuli hizo.

Kwa makamanda twaomba jambo moja. Aliyetoa taarifa usiku ule ule asiwekwe fungu moja na aliyenyamaza wiki mbili. Wa kwanza amewapa muda wa kubadilisha maneno ya siri ya ofisi na kukagua mashine zote alizozigusa.