Kuzima Taa Si Kutengeneza

Jamani, tuache mchezo. Taa ya upepo wa matairi ikiwaka, ukapeleka gari kwa fundi hapa Nyeri, Karatina au Nanyuki, utaambiwa: "Hiyo ni sensa tu, nitaizima." Anachomeka kompyuta, taa inapotea, unalipa.

Kwa sisi waandika programu, huko ni kuficha ujumbe wa hitilafu na kuacha hitilafu yenyewe.

Ukweli ni huu. Kwenye magari mengi yenye taa hii, ndani ya kila gurudumu kuna sensa yenye redio ndogo, namba yake na betri. Betri hudumu miaka 5 hadi 10, na imezibwa kwa gundi ngumu usiweze kuibadilisha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na wengi wetu tunanunua la miaka 7 kwa sababu ya bei. Piga hesabu: linashuka Mombasa betri zikikata roho.

Watengenezaji wana lawama: betri ndogo kama kifungo ikifa, unatupa sensa nzima. Lakini fundi naye asitudanganye. Tafuta sensa ya masafa ya gari lako (MHz 433 kwa magari ya Ulaya, mara nyingi 315 kwa ya Japani), namba yake isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, basi.

Huna pesa? Acha taa iwake, nunua geji, pima upepo kila wiki asubuhi. Baridi yetu ya Julai hupunguza upepo, na tairi laini hupata moto likapasuka. Taa ikishazimwa, nani atakuonya?