Rangi ya Gari la Kale na Haraka ya Msasa

Fundi anapolikwangua gari la kale mpaka bati likang'aa, na ndipo akamwuliza mwenyewe lilikuwa la rangi gani, huwa amekwisha kumfukuza shahidi pekee aliyekuwapo. Mwenyewe atajibu, "Kijani." Kijani kipi? Cha jani la mgomba, cha ndimu, au cha maji ya bahari? Kumbukumbu ya mtu aliyelipanda gari hilo utotoni haichanganyiki koponi.

Tuchukue mfano wa Morris Minor, lililotengenezwa Uingereza tangu 1948 hadi 1971. Katika mengi ya magari hayo ya miaka ya 1950, namba ya chesisi hutanguliwa na herufi tatu na tarakimu mbili. Herufi ya tatu hutaja jamii ya rangi, na tarakimu ya pili hutaja namna ya rangi iliyopulizwa. Huo ni mwanzo mwema, lakini herufi moja haielezi kijani kipi. Na tofauti si ndogo. Disemba 1960 lilitoka Morris Minor la milioni moja, na kundi dogo la magari ya kuadhimisha tukio hilo likapakwa rangi ya urujuani hafifu. Mwenye gari la kundi hilo akilipaka nyeupe ili lipendeze harusini, hubaki na Morris kama Morris nyingine.

Ushahidi wa kweli umejificha pale jua na chumvi ya bahari visipofika: chini ya kiti cha nyuma, ndani ya buti, nyuma ya dashibodi, chini ya mpira wa mlango. Boneti na paa ni mashahidi wa uongo, kwani rangi yake imechujuka na kuota unga. Fundi mwenye subira husugua mahali padogo kwa msasa laini na maji, na tabaka hujitokeza duara ndani ya duara, ya mwisho kupakwa ikiwa nje na ya kwanza ndani. Asidanganyike tu na rangi ya msingi, ambayo kazi yake ilikuwa kushika bati.

Siku hizi vipo vyombo vinavyopima mwanga unaorudishwa na rangi na kutoa hesabu ya kuchanganyia. Tunavipokea kwa furaha, lakini havimwondolei fundi wajibu wa kutazama. Rangi mbili zaweza kufanana kabisa chini ya taa ya gereji, zikaachana mara zinapotolewa juani. Tena rangi mbichi si rangi kavu. Kwa hiyo hupulizwa kwanza kibati cha majaribio, juu ya rangi ya msingi ile ile itakayotumika, kikaachwa kikauke, kisha kikalinganishwa nje, juani na kivulini.

Hapa hatuna budi kusema habari ya vijana wanaofanya kazi hii. Rangi nyingi za zamani zina risasi, na vumbi lake likisuguliwa kavu huingia mapafuni. Lisuguliwe kwa maji. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigandishi zina sumu iitwayo isosianeti, iwezayo kumletea mtu pumu isiyopona. Kitambaa cha puani hakizuii kitu. Panatakiwa barakoa yenye kuletewa hewa safi, na tajiri anayeona gharama yake ni kubwa asikubali kazi hiyo.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tumezoea kuulizana juu ya chokaa na milango yake. Gari la kale lililo mikononi mwa idara ya umma ni amana vile vile. Tunawataka wahusika waandike katika kila mkataba wa kulipaka upya gari la namna hiyo kwamba mahali penye ukubwa wa kiganja, ndani ya buti, pasiguswe na msasa. Kwamba kibati cha majaribio kikubaliwe kwa sahihi kabla ya kazi kuanza. Na kwamba hesabu ya mchanganyiko iwekwe jaladani pamoja na kibati chenyewe.